Bolti ya sampu kwenye vani ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bolti ya sampu, ile inayoziba tundu la kumwagia oili ya injini, hufunguliwa na kukazwa kila oili inapobadilishwa, mwaka baada ya mwaka, na kila fundi ana mkono wake. Ndiyo maana kwenye vani ya zamani matatizo yake hayaishi: imeganda, inavuja, kichwa kimelika, thredi (mifereji ya mzunguko inayoshikanisha bolti na tundu) zimekufa. Mengi yanatibika bila kununua sampu nyingine, mradi usikimbilie nguvu. Kama uko barabarani na taa ya oili imewaka, zima injini sasa hivi, kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho.

## Mambo ya msingi

Bolti ya sampu iko wapi, na nitajuaje kwamba sijashika ya gia boksi?

Sampu ni lile bakuli la chuma au la alumini lililo chini kabisa ya injini. Bolti yake iko sehemu ya chini ya bakuli hilo, ama inatazama ardhi, ama imekaa ubavuni. Vani nyingi za zamani injini yake iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo ukiingia chini ya gari usiitafute kwenye bampa. Anzia usawa wa viti.

Gia boksi imeungana na injini, na kwa kawaida ina bolti mbili: ya kujazia juu, ya kumwagia chini. Ukifungua na kuona mafuta mekundu, au mazito yenye harufu kali ya kiberiti, rudisha bolti haraka. Hiyo si oili ya injini.

Nitumie spana namba ngapi?

Toyota nyingi zina bolti ya M12 (unene wa milimita 12) yenye thredi ya 1.25 (milimita kati ya thredi na thredi) na kichwa cha spana namba 14. Volkswagen nyingi zina M14 yenye thredi ya 1.5. Renault nyingi hazina kichwa cha pembe sita kabisa, zina tundu la mraba la milimita 8 na linahitaji kifaa chake.

Kwa gari la zamani usiuamini mtandao wala kitabu kabla ya kupima. Huenda aliyekutangulia aliweka bolti kubwa zaidi baada ya kuua thredi. Spana ikicheza hata kidogo kichwani, siyo saizi yake. Tumia soketi ya pembe sita au spana ya ringi. Spana ya kurekebisha na koleo ndivyo vinavyozalisha maswali ya sehemu inayofuata.

Inafunguka upande gani?

Kinyume cha mzunguko wa saa, ukiwa unatazama kichwa cha bolti uso kwa uso. Ukiwa umelala chali chini ya gari huku mkono umepita pembeni, akili hugeuka na mtu hukaza akidhani anafungua. Kabla ya kuvuta, jiwazie umesimama mbele ya kichwa cha bolti.

Injini iwe ya moto au baridi?

Iwe vuguvugu. Iwashe kwa dakika chache ili oili iwe nyepesi na ibebe uchafu uliotulia chini, kisha uizime. Gari lililotoka safari ndefu liache lipoe kwanza, kwa sababu oili yake inaunguza ngozi na bomba la ekzosi mara nyingi liko hapo hapo karibu na mkono.

Vani nyingi zina nafasi ya kutosha chini na hazihitaji kuinuliwa. Ukilazimika kuinua, weka stendi imara na uyazuie magurudumu yasibingirike. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Hapa ndipo thredi nyingi hufia. Kitabu cha gari lako ndicho kinachotoa kipimo cha mwisho, lakini kwa bolti za M12 na M14 vipimo vingi huangukia kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 30 na 45. Hiyo ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua Nm 40: kwa spana ya sentimita 20, ni sawa na kuvuta kilo 20 hivi kwenye ncha yake. Sasa ongeza bomba hadi urefu ufike sentimita 60 na uvute vile vile. Umefika Nm 120, mara tatu ya inavyotakiwa, na mkono wako haukuhisi tofauti yoyote.

Kama una spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, itumie. Kama huna, anza na vidole: bolti ipite kwa vidole karibu njia yote hadi washa, ile ringi bapa iliyo chini ya kichwa chake, iguse sampu. Ikigoma mapema, imeingia upande. Itoe, uanze upya. Ikishagusa, chukua spana fupi na uvute kwa kiganja, siyo kwa bega. Utahisi washa ikibonyea, kisha bolti inakuwa ngumu ghafla. Simama hapo. Mashine ya kukazia inayoendeshwa kwa upepo isiguse bolti hii wakati wa kukaza. Hakuna haraka inayohalalisha jambo hilo.

Lazima nibadilishe washa kila mara?

Ndiyo, kama ni ya alumini, ya faiba au ya aina inayobonyea. Hiyo hufanya kazi kwa kuharibika: inabonyea mara moja na kujaza mikwaruzo midogo. Ukiirudisha haina cha kubonyea tena, inavuja, nawe unaongeza nguvu kuizuia. Thredi nyingi zimeuawa na washa iliyochoka kuliko na mkono mzito.

Washa ya shaba tupu inaweza kurudiwa ikilainishwa. Ipashe moto hadi iwe nyekundu kwa mbali, iache ipoe, isugue kwa msasa laini. Ya mpira yenye ringi ya chuma inaweza kurudi kama mpira haujapasuka wala kukauka.

## Bolti inapogoma

Imeganda kabisa. Nianzie wapi?

Anza na uhakika kwamba unavuta upande sahihi, halafu safisha matope na kutu kuzunguka kichwa ili soketi ikae hadi chini. Mafuta ya kupenya yanasaidia kidogo tu hapa, kwa sababu thredi zenyewe zinaogelea kwenye oili upande wa ndani. Kinachoshika zaidi ni washa na uso wa chini wa kichwa.

Kwa hiyo ipe bolti mshtuko. Weka kipande cha chuma juu ya kichwa cha bolti na ukigonge kwa nyundo mara chache, mapigo makali lakini mafupi. Kama sampu ni ya alumini, punguza mkono, maana alumini hupasuka. Kisha vuta spana kwa mpigo mmoja wa ghafla badala ya kuisukuma polepole. Bolti iliyoganda huachia kwa mshtuko kuliko kwa kusukumwa.

Kichwa kimekuwa duara, spana inateleza. Nifanyeje?

Acha kujaribu na spana ile ile. Kila mteleza unapunguza kilichobaki. Tafuta soketi ya pembe sita iliyo ndogo kidogo, pengine ya vipimo vya inchi, na uipige kwa nyundo hadi ishike. Kuna pia soketi maalumu zenye meno ya ndani yaliyopinda, ambazo hushika zaidi kadiri unavyozungusha. Hizo ndizo ninazozipendelea kuliko njia nyingine zote, kwa sababu haziumizi sampu.

Koleo la kubana na kujifunga linafaa pale kichwa kilipochomoza vya kutosha. Tindo ni hatua ya baada ya hapo: ilaze ukingoni mwa kichwa, igonge kuelekea upande wa kufungua, ikiuma chuma ifuate mzunguko. Ikitoka, usiirudishe. Bolti mpya na washa mpya ni kitu kidogo sana kwenye hesabu ya gari zima.

Inazunguka na kuzunguka lakini haitoki.

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza, thredi za mwisho zimekatika na bolti haina cha kupanda. Ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa, ivute bolti nje kidogo kidogo huku mtu mwingine anaizungusha kuelekea kufunguka. Thredi zilizobaki zitashika na itatoka.

La pili hutokea kwenye sampu ya chuma tu. Thredi haziko kwenye bati lenyewe, bali kwenye nati nene iliyochomelewa hapo. Mshono ukipasuka, nati nzima huzunguka pamoja na bolti. Angalia kwa tochi wakati mwenzako anazungusha: kama duara linalozunguka kichwa nalo linatembea, kazi imehamia kwenye kuivua sampu. Soma swali la kuchomelea huko chini.

Naweza kuipasha kwa moto?

Sampu ikiwa na oili, hapana. Usiweke mwali wa gesi chini ya bakuli lililojaa oili, karibu na bomba la petroli na mavumbi yaliyoloa mafuta. Kama joto linahitajika kweli, toa oili kwanza kwa pampu kupitia tundu la stiki (kijiti cha kupimia oili), vua sampu, kisha fanya kazi hiyo mezani.

## Uvujaji

Nimebadilisha oili juzi, leo inadondosha. Nikaze zaidi?

Usikaze kwanza. Kuna sababu moja ambayo hujificha vizuri: washa ya zamani ilibaki imeng'ang'ania kwenye sampu, rangi yake ni ile ile ya chuma, na mpya ikawekwa juu yake. Washa mbili haziketi sawa na oili hupita katikati. Fungua, pitisha ukucha kuzunguka tundu. Ukihisi ngazi ndogo, hiyo ni washa, ichokonoe itoke.

Sababu nyingine ni chembe ya mchanga iliyonaswa chini ya washa, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni kwenye uso wa sampu, au bolti iliyoingia upande. Mkwaruzo mdogo husawazishwa kwa msasa laini uliofungwa kwenye kitu bapa. Usitumie tupa.

Nitajuaje kama kweli inatoka kwenye bolti?

Bolti ndiyo sehemu ya chini kabisa, kwa hiyo kila uvujaji wa injini huishia kwayo na hudondokea hapo. Gari likitembea, upepo nao huisukuma oili nyuma. Watu wengi wamebadilisha bolti ilhali tatizo lilikuwa filta iliyokaa vibaya au gaskiti ya kifuniko cha valvu.

Osha eneo lote kwa kiondoa grisi, kausha kabisa, kisha paka poda laini kama ya mtoto kuzunguka bolti, ukingo wa sampu na chini ya filta. Iwashe injini ikiwa imesimama, ngoja ipate moto, ingia na tochi. Poda inaloa rangi nyeusi pale oili inapoanzia. Fuata alama ya juu kabisa, siyo ile ya chini.

Je, nikizungushia ile tepu nyeupe ya mabomba, au silikoni?

Sikushauri. Bolti ya sampu haizibi kwa thredi, inaziba kwa washa na uso wa kichwa. Tepu haigusi mahali panapovuja. Ubaya wake mkubwa ni vipande vinavyokatika na kubaki ndani ya sampu, karibu na chujio la pampu ya oili. Silikoni iliyopakwa kwa wingi ina kosa hilo hilo. Kama bolti inavuja ikiwa na washa mpya, thredi nzuri na uso safi, basi kuna ufa, na ufa hauzibwi na tepu.

Tone moja moja lina madhara?

Tone linaloonekana asubuhi si dharura, lakini linataka stiki ipimwe mara kwa mara hadi utakapolitengeneza. Angalia linaangukia wapi. Likidondokea ekzosi litatoa moshi, na linaweza kuwasha moto. Na kama tone limeongezeka ghafla tangu jana, bolti inalegea. Usiondoke nayo hivyo.

## Thredi zikifa

Zilizokufa ni za bolti au za sampu?

Ng'oa bolti, ifute, itazame kwa tochi. Ukiona nyuzi za chuma au za alumini zimejizungusha kwenye bolti kama waya, hizo ni thredi za sampu zilizong'oka. Chukua bolti mpya ya saizi ile ile na uijaribu kwa vidole. Ikipita vizuri na kushika, ya zamani ndiyo iliyokuwa mbovu na umepona. Ikitikisika pembeni hata ikiwa ndani, sampu ndiyo inayohitaji tiba.

Mara nyingine thredi zilizokufa ni zile za mwanzo tu, na ndani kabisa zipo nzima. Bolti ndefu kidogo inaweza kuzifikia. Hakikisha tu kwamba ncha yake haigusi kitu ndani na kwamba haichomozi kiasi cha kuzuia oili kutoka yote.

Nitajuaje sampu ni ya chuma au ya alumini?

Weka sumaku. Ikishika ni chuma. Jibu hili linaamua karibu kila kitu kinachofuata: chuma hupinda na kuchomeleka kirahisi; alumini ni laini kwenye thredi lakini hupasuka ikilazimishwa.

Ile bolti kubwa inayojikatia thredi yenyewe inafaa?

Ni ya kukufikisha, na kwenye sampu ya chuma inaweza kudumu muda mrefu ikiwekwa kwa uangalifu. Ina madhara mawili. Inakata chuma na kuangusha vyuma ndani, na isipoanza wima kabisa, washa haitalala sawa maisha yake yote. Kwenye alumini naiogopa, kwa sababu inatanua tundu na huacha ufa.

Ipo aina iliyo bora: bolti kubwa inayojikatia thredi na kubaki humo daima, na ndani yake ina bolti ndogo ya kufungua kila unapobadilisha oili. Thredi za sampu hazisumbuliwi tena. Kwa mtu asiyeweza kuvua sampu leo, ningechagua hiyo.

Na kuweka thredi mpya kwa koili au bushi?

Hii ndiyo tiba ninayoiamini kwa alumini. Tundu linapanuliwa kwa dirili, linakatwa thredi kubwa kwa tapu, kisha inaingizwa koili ya waya au bushi ya chuma ambayo ndani yake ina saizi ya awali ya bolti. Ukimaliza unatumia bolti ile ile ya kiwandani, na thredi sasa ni za chuma badala ya alumini.

Bushi ni bora kuliko koili hapa. Koili ina njia ndogo ya mzunguko ambayo oili inaweza kuifuata, na hung'oka pamoja na bolti mara kwa mara. Bushi yenye ukingo hukaa. Chochote utakachochagua, tapu lazima iingie wima. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, ili vyuma vivunjike vifupi.

Vyuma vinavyoanguka ndani vina shida gani?

Oili hupita kwenye chujio la waya, inaingia pampu, na baada ya hapo ndipo inapofika filta. Maana yake ni kwamba pampu haina ulinzi wa filta. Ina lile chujio pana tu. Chembe inayopita hapo hukwaruza pampu.

Ndiyo maana kazi ya tapu inafanywa vyema sampu ikiwa mezani. Kama haiwezekani, jaza grisi nzito kwenye mifereji ya tapu, itoe na kuifuta kila baada ya mizunguko michache. Ukimaliza, mimina oili ya bei nafuu kutoka juu huku tundu likiwa wazi, hadi kinachotoka kiwe safi. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani wa tundu. Usitegemee sumaku kwenye alumini, haikamati.

Sampu ya chuma inaweza kuchomelewa nati mpya?

Inaweza, na ikifanywa vizuri inadumu. Ivuliwe kwanza, ioshwe ndani na nje hadi harufu ya oili iishe, nati ya zamani ikatwe, mpya ichomelewe kuzunguka yote. Kisha ijazwe maji au mafuta ya taa na kuachwa juu ya gazeti kavu. Pakiloa, mshono una tundu.

Ni lini ninunue sampu nyingine?

Ikiwa imepasuka, imeliwa na kutu hadi bati limekuwa jembamba, au tundu limeshatanuliwa zaidi ya mara moja. Kabla ya kuagiza, ingia chini uone kama inatoka bila kuinua injini. Kwenye vani kadhaa kuna chuma kikubwa cha kushikilia sasisi kinachopita chini yake, na hilo ndilo linaloamua ukubwa wa kazi. Uso wa gaskiti usafishwe hadi uwe mkavu, na gundi iachwe kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kujaza oili.

## Hali zisizo za kawaida

Bolti imeanguka njiani na taa ya oili imewaka.

Zima injini papo hapo, hata kama umebakiza kona moja. Bila presha ya oili beringi za krankishafti huharibika upesi, na hapo hatuzungumzii bolti tena. Gari livutwe. Kama una plagi ya mpira inayotanuka, inaweza kuziba tundu ili ujaze oili na kusogea polepole hadi kwa fundi. Kipande cha mti hakifai. Kinalainika kwa joto na kutoka.

Naweza kuiacha bolti kabisa na kunyonya oili kwa juu?

Unaweza, kama haivuji. Bomba jembamba linapita tundu la stiki na pampu inanyonya. Kiasi fulani cha oili chafu kitabaki chini, kwa hiyo fupisha muda kati ya mabadiliko. Ni njia ya heshima kwa vani ambayo sampu yake haipatikani tena.

Valvu ya kumwagia inafaa kuwekwa badala ya bolti?

Inafaa thredi zikiwa nzima, kwa sababu nayo inashikwa na thredi hizo hizo. Angalia kimo: ikichomoza chini kuliko sampu, jiwe moja linatosha kuing'oa.

Bolti yangu ina sumaku na imejaa tope la kijivu.

Tope laini kama grisi ni uchakavu wa kawaida wa injini yenye umri. Lifute, endelea. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida, na injini inahitaji kuchunguzwa kabla ya safari nyingine.

Nina Volkswagen ya zamani ya injini ya kupozwa kwa hewa na sioni bolti katikati.

Kwenye injini ndogo ya aina ya Beetle kuna bamba la duara lililoshikwa na nati sita ndogo za M6, na ndani yake chujio. Mabamba mengine yana bolti katikati, mengine hayana, na oili humwagwa kwa kulivua bamba lenyewe. Nati hizo hukazwa Nm 7 tu. Ukizipa nguvu ya bolti ya kawaida, unazing'oa na vijiti vyake kutoka kwenye ganda la injini.

Nimemwaga gia boksi kwa makosa.

Usiwashe injini wala kusogeza gari. Hakikisha bolti ya kujazia inafunguka, maana bila hiyo huna pa kuirudishia. Jaza aina iliyotajwa kwenye kitabu hadi ifike ukingo wa tundu hilo kama ni gia za mkono. Gia za otomatiki hupimwa kwa utaratibu wake, na mara nyingi injini ikiwa ina moto.

Aliyekuwa nayo kabla yangu amechomelea bolti kwenye sampu. Sasa?

Nyonya oili kwa juu, kama ilivyoelezwa hapo awali, na uendelee kutumia gari huku ukitafuta sampu nyingine. Usijaribu kuikata bolti ikiwa imefungwa kwenye gari: cheche, oili na vyuma vyote vinaelekea ndani. Siku sampu itakapovuliwa kwa sababu nyingine yoyote, ndipo nati mpya ichomelewe.